Mafuta ya Ijumaa

Watu wa mtaa wetu wa Mlandege wanaomkumbuka Zuena watakuambia alikuwa mpole. Si kweli. Zuena alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka sana ukimwona kwa mbali utadhani ni mpole. Mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta tangu nilipoletwa kutoka Kalenga nikiwa mwali, mpaka wajukuu zangu wakaanza kumwita bibi. Najua alivyokuwa akisonya peke yake jikoni. Na mpaka leo karani yeyote wa dirishani, awe mtoto wa nani, akiniambia "njoo kesho," damu hunichemka kwa niaba ya Zuena, kwa sababu mwenyewe hakuwa na nguvu ya kuchemka.

Mumewe alikuwa Yunusu, fundi wa nguo, mtu mrefu aliyepinda mgongo kwa kuinamia kazi. Alishonea kwenye baraza la duka la vitambaa karibu na soko la Iringa. Cherehani yake aliirithi kwa baba yake, mzee wa pwani aliyepanda huku na jeshi la Mjerumani, jeshi likaondoka, yeye akabaki. Ilikuwa cherehani ya miguu, ya chuma cheusi, yenye maua ya dhahabu ubavuni ambayo yalikwisha kufutika nusu kwa kuguswa. Wenzake pale barazani walikuwa na za kisasa. Ya Yunusu uzi wake wa chini ulikaa ndani ya kichuma kidogo chenye umbo la mtumbwi, urefu wa kidole, kilichokwenda mbele na kurudi nyuma chini ya sindano siku nzima. Wenzake walimtania kwamba anashonea makumbusho. Yeye aliwajibu kwamba za kwao ndizo zitakazofika makumbusho mapema zaidi.

Zuena alimpelekea chakula cha mchana, kisha akakaa chini kando yake kutia vifungo na kupinda mapindo. Siku za msongamano wa Idi, Yunusu alipozidiwa, alimwachia kiti. Hivyo ndivyo alivyojifunza, kidogo kidogo, bila mtu kusema anafundishwa.

Yunusu alikufa kwa kichomi mwishoni mwa kiangazi, mwaka wa hamsini na tatu. Hawakuwa na mtoto aliyeishi. Cherehani ikabebwa kutoka barazani ikawekwa sebuleni kwake, nzima kabisa. Mume wangu alikuwa mmoja wa walioibeba, na alilizungusha gurudumu kwa mkono akaona linakwenda vizuri. Zuena akaingia eda. Kwa desturi yao mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, haonekani na wanaume wa nje, na kwa kuwa sebuleni ndiko walikoingia wageni waliokuja kuhani msiba, yeye alikaa chumba cha nyuma na uani. Huku mbele alishika mama mkwe wake, Bi Mwamvita, kikongwe chembamba chenye sauti kubwa. Yeye ndiye aliyepokea wageni, yeye ndiye aliyefagia na kufuta vumbi vitu vya mwanawe. Mimi nilipitia uani kumletea Zuena kuni, nikamkuta kila mara amekaa palepale, na kanga yake nyeupe imemzidi mwili.

Eda ikaisha, mwalimu wa chuo cha Kurani akaja kugawa mirathi. Nyumba ilikuwa ya Bi Mwamvita mwenyewe, kwa hiyo haikuguswa. Vilivyogawiwa ni baiskeli, saa ya ukutani, koti zito, mablanketi na cherehani. Selemani, mdogo wake marehemu, mfanyabiashara wa maharage, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na nyumba ndogo, basi. Alimwambia Zuena achague mwanzo.

"Chukua mablanketi, shemeji. Baridi ya huku unaijua."

"Nachukua cherehani," Zuena akasema.

Selemani akainuka kuisogeza, kwa wema tu, ili amwekee upande wake. Akaligusa gurudumu. Halikwenda. Akalishika kwa mikono miwili, akasukuma mpaka mshipa wa shingo ukamsimama, na gurudumu likakaa vilevile.

"Shemeji, hii imekufa. Badili, hakuna atakayekulaumu."

Zuena akaitazama ile cherehani muda mrefu. Nilikuwepo, nimesimama mlangoni na sinia la chai. Akasema, "Nimeshachagua."

Hapo Selemani akasema lililokuwa moyoni mwake. Sebule ile aliitaka kuwa ghala la maharage, na mjane asiye na mtoto, alisema, kwa kawaida hurudi kwao. Kwao Zuena kulikuwa Mbeya, kwa kaka yake Bushiri. Watu wote wakamtazama Bi Mwamvita, maana ukuta ulikuwa wake na neno lilikuwa lake. Kikongwe akavuta kanga yake begani, akasema, "Tungoje mwezi wa Ramadhani uandame. Ndio wakati wa nguo za Idi. Ikiwa mashine ya mwanangu inashona na huyu anajilisha, atakaa na mimi mpaka nife. Ikiwa haishoni, aende kwa kaka yake mapema, kabla sijamzoea zaidi ya hapa."

Hayo ndiyo yaliyokuwa masharti. Zuena aliweka fungu lake lote, na kitanda chake, na uani pale alipozika kitovu cha mtoto wake mmoja aliyekufa mchanga, juu ya gurudumu lisilozunguka.

Mlandege nzima ilikuwa na maelezo yake. Walisema cherehani imefunga kwa majonzi, imemfuata mwenyewe. Hata mimi niliyekuwa nasali misheni, nilipoweka kiganja juu ya kile chuma cha baridi nilikiondoa upesi. Zuena hakutaka maelezo. Alitaka fundi. Mafundi wa barazani wakamwambia mashine ya zamani kama ile hawaiwezi, aende kwa wakala wa cherehani.

Wakala alikuwa na duka Iringa mjini, lakini duka lenyewe lilikuwa tawi tu. Duka kubwa lilikuwa Mbeya. Karani wa Iringa alikuwa kijana mwenye sweta safi. Zuena alipofika alikuwa akichokonoa kucha kwa kijiti cha kiberiti, na aliendelea kuchokonoa.

"Inafanya nini?"

"Haizunguki, bwana karani."

"Ni ya zamani?"

"Ya baba mkwe wangu."

"Basi ni kile kichuma cha chini. Zote za zamani huwa hivyo. Kilete."

"Hujaiona bado."

"Mama, mimi mashine naziona kila siku. Wewe kilete, tutakipeleka Mbeya, Mbeya watatoa kingine kama hicho."

Zuena akarudi nyumbani, akasukuma kile kibati cha chini ya sindano, akakitoa kichuma. Kilikuwa kizito kidogo na kinanatanata, na ndani yake bado mlikuwa na uzi mwekundu, ambao Yunusu aliuzungusha mwenyewe kwa kazi aliyoiacha nusu. Zuena aliniambia alitaka kuutoa uzi ule abaki nao. Lakini akaona kichuma chenye uzi kitaeleweka zaidi kuliko kitupu, akakifunga hivyohivyo kwenye kipande cha kaniki akampelekea karani. Karani akakitia mfukoni mwa sweta.

Kuanzia hapo ikawa nenda, rudi. Njoo Jumatatu. Basi la Mbeya halijapita. Basi limepita lakini mkuu hakuwepo. Mkuu yupo lakini Mbeya hawajajibu. Mbeya wamejibu lakini aliyelipokea jibu amekwenda likizo. Zuena alikwenda na kurudi, mvua ikimpiga, na kila akirudi alipita kwangu kuketi kwenye kigoda kabla hajaingia kwake, kwa sababu kule kwake Bi Mwamvita angemwuliza. Siku moja nilichoka kumtazama nikamfuata hadi dukani.

"Kijana, kamwene," nikamsalimu karani kwa Kihehe.

"Kamwene. Wewe nani yake?"

"Jirani."

"Basi jirani asubiri nje."

Nikasubiri nje. Pamoja na kinywa changu chote na maneno yangu yote niliyoyapanga tangu nyumbani, nikasubiri nje. Ndani nilimsikia karani akisema, kwa sauti ya mtu anayemwonea mwenzake huruma, "Mama, Mbeya wanasema walete sampuli."

"Sampuli ndiyo niliyokupa."

"Ndiyo. Hiyo tulishaipeleka."

"Sasa wanataka ipi?"

"Sampuli. Bila sampuli hawawezi kujua unataka kitu gani."

Zuena akatoka nje, akafunga kanga yake vizuri, akaniambia, "Nakwenda Mbeya." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekwenda kuteka maji.

Alipanda basi katikati ya masika, mwezi wa Shaabani umekwisha ingia. Njiani walizama tope wakashuka kusukuma, wakalala Makambako ndani ya basi wakiwa wamebanana kwa baridi, na alipofika Mbeya alikuwa amebaki na kiatu kimoja. Kaka yake Bushiri alimpokea kwa furaha ya kweli, kisha akatazama nyumba yake nzima asione pa kumweka. Wakamtandikia kwenye ujia, kati ya magunia ya vitunguu na mlango wa chumba cha watoto. Wifi yake alikuwa na adabu. Kila asubuhi alimwuliza amelalaje, na kila jioni alimwuliza basi la Iringa huondoka siku gani. Zuena akiwa amelala pale, watoto wakimruka kwenda msalani, aliona maisha yake yatakavyokuwa kama mambo yakienda kombo. Hakuna aliyemtendea ubaya. Hapakuwa tu na mahali pake, na asingeweza kumkasirikia mtu kwa hilo, na hilo lilimchosha kuliko basi.

Duka kubwa la Mbeya lilikuwa na mlango wa vioo kwa mbele kwa ajili ya wateja wa Kizungu, na dirisha la ubavuni kwa ajili ya sisi. Chini ya dirisha palikuwa na benchi, na juu ya benchi ukingo wa bati ambao haukutosha kumkinga mtu na mvua wala jua. Dirisha lenyewe lilikuwa juu. Ukisimama uliona kichwa cha karani na tai yake, ukikaa uliona ukuta.

Karani wa Mbeya hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. Alikuwa mtu wa kutabasamu.

"Karibu, mama. Shida yako?"

Zuena akaeleza: kichuma cha cherehani ya zamani, kimetoka Iringa, kimefungwa kaniki, kina uzi mwekundu.

"Ahaa. Una sampuli?"

"Mnayo nyinyi."

"Hapana, ile ni ya kwako. Mimi naulizia ya kuagizia."

"Ni hiyohiyo, bwana karani."

"Basi iko wapi?"

Akamwambia akae, atatazama. Zuena akakaa. Dirisha likafungwa kwa chakula cha mchana, likafunguliwa, likafungwa kwa jioni. Kesho yake karani alimsahau, akamkaribisha upya, akamwuliza shida yake. Alipoelezwa alifurahi, kana kwamba amekutana na mtu anayemfahamu. Akasema mashine za namna ile siku hizi hazina vipuri, kwa nini asinunue mpya, wanazo nzuri sana, apite mlango wa mbele akazione. Kisha akakumbuka kuhusu mlango wa mbele, akasema au amtume mtu akamtazamie. Siku iliyofuata alikuwa na kazi nyingi.

Asubuhi moja Zuena hakuinuka mapema kwenda dirishani. Aliniambia mwili ulikataa. Alikaa uani kwa kaka yake, mgongo ukutani, akimtazama Tupokigwe. Huyu alikuwa mama wa Kinyakyusa aliyeshuka na ndizi kutoka milimani na kupumzika pale uani kabla ya kwenda sokoni. Alikuwa amemwogesha mwanawe mchanga na sasa alimpaka mafuta ya mbarika, yale mazito ya njano, kutoka kwenye chupa ndogo. Mtoto aling'aa kama chungu kipya. Harufu ikamfikia Zuena.

Ni harufu ambayo ukiijua huisahau, inakaa nyuma ya koo. Zuena aliijua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Bi Mwamvita alijipaka mafuta hayo kichwani na miguuni tangu ujana wake. Ya pili ilichukua muda kumjia. Alipofungua kile kibati chini ya sindano, kule Iringa, alisikia harufu hii, na hakuijali, kwa sababu nyumba yote ilinukia mama mkwe.

"Dada," akamwuliza Tupokigwe, "haya mafuta ukiyaacha yamemwagika, siku nyingi, huwaje?"

Tupokigwe akacheka. "Yanakuwa ulimbo, dada. Mimi chupa yangu ya zamani kizibo chake hakitoki mpaka leo. Mume wangu amejaribu na meno."

"Ndaga, dada," Zuena akasema. Hilo la asante lilikuwa neno pekee la Kinyakyusa alilolijua, na Tupokigwe akacheka tena.

Akabaki amekaa. Akaona yote, aliniambia, kama vile mtu amefungua dirisha sebuleni. Yeye yuko chumba cha nyuma na kanga yake nyeupe. Kule mbele mama wa marehemu, kila Ijumaa baada ya kusoma Yasini, anachukua chupa yake na kuitilia mafuta cherehani ya mwanawe isije ikashika kutu. Kwenye kila tundu. Mafuta mazuri, ya kupaka watoto wachanga na mabibi harusi. Hakuna aliyemwambia kwamba chuma kinataka mafuta mengine, mepesi, kwa sababu aliyejua alikuwa kaburini, na mwingine aliyejua alikuwa ndani ya eda.

Kwa hiyo kile kichuma hakikuwa na ubovu wowote. Karani wa Iringa alikihukumu bila kukiona, na sasa wamekipoteza, na bila hicho hata cherehani ikizunguka haitashona. Zuena alitaka kulia akaona hata hilo ni kazi. Akajifunga, akaenda dirishani.

"Karibu, mama. Shida yako?"

"Sitaki kipya tena. Nataka changu nilichowapa."

"Chako kipi?"

Akaanza kueleza. Kabla hajafika kwenye kaniki, mvua ya Mbeya ikashuka, ile inayokuja ya ubavu na upepo, ikampiga mgongoni na kuingia dirishani moja kwa moja. Karani akaruka kufunga dirisha. Bawaba ikamshinda, mbao zikampiga vidole, na karatasi zote za mezani zikaanza kuruka. Akapiga kelele kwa yeyote aliyekuwepo aje amsaidie. Aliyekuwepo alikuwa Zuena. Akazunguka, akapita mlango wa vioo na kanga yake inayochuruzika na miguu yake yenye tope, akaingia ofisini, akalisukuma dirisha kwa bega mpaka komeo likaingia.

Kulikuwa na karatasi chini kila mahali, ila fungu dogo moja juu ya meza lililotulia. Juu ya fungu hilo kililala kichuma cha umbo la mtumbwi. Uzi wake mwekundu ulikuwa bado ndani, umetoa ncha kidogo nje.

Zuena akakichukua, akakipeleka puani akanusa. Harufu ilikuwepo, hafifu. Karani alimtazama kama mtu anayemtazama mwehu.

"Hicho ni cha ofisi, mama."

"Kilikuwa kinafanya kazi gani?"

"Upepo," karani akasema. Akaona aongeze. "Huku kuna upepo sana."

Nilipokuwa nikisimuliwa hapa nilisimama. Nilimwuliza alimfanya nini. Nilitaka aniambie alimtukana, alimrushia kidau cha wino, alimwita mkuu wake, chochote. Zuena akaniambia, "Nilimwokotea karatasi zake kwanza. Zilikuwa zinalowa." Kisha akafunga kichuma kwenye pembe ya kanga, akatoka kwa mlango uleule wa vioo.

Alirudi Iringa mwezi wa Shaabani ukiwa umebakiza siku za kuhesabika kwenye vidole. Hakupumzika. Alitafuta mafuta ya taa, unyoya wa kuku, bisibisi ya Yunusu na matambara, akaniita nimshikie taa ya kandili kwa kuwa sebule ilikuwa na kiza hata mchana kwa ukungu. Akafungua kila kifuniko. Ndani mlikuwa mmeganda mafuta ya rangi ya asali iliyochacha, yamelamba kila kiungo, na vumbi la mji limeyakamata. Alichovya unyoya kwenye mafuta ya taa akadondosha tone hapa, tone pale. Akangoja, akafuta, akarudia. Alifanya hivyo siku nzima na siku ya pili, mikono ikapasuka na kuwasha, na nyumba ikanuka mafuta ya taa mpaka kwenye kitoweo. Mimi nilimwambia apumzike. Akaniambia akikaa chini hatainuka.

Bi Mwamvita alikaa kwenye mkeka wake karibu na mlango, akitazama, akizungusha tasbihi. Aliona matambara yanavyotoka meusi na ya kunata.

"Uchafu wa wapi huo wote?" akauliza.

"Wa zamani, mama," Zuena akasema.

"Na mimi nilijitahidi. Ulipokuwa ndani mimi sikuisahau hata Ijumaa moja. Nilikuwa naitia mafuta yangu mwenyewe, yale mazuri, kila tundu. Nilisema mwanangu akiniona huko aliko ajue mashine yake haikutupwa."

Nikamtazama Zuena. Kwa Mungu, mimi ningesema. Miezi ile yote, tope la Makambako, benchi, vitunguu, na mkosaji amekaa mkekani anasubiri kusifiwa. Neno lilikuwa limeshanifika kwenye ulimi.

Zuena hakuinua kichwa. Alikuwa na unyoya mkononi, na mkono ulitulia juu ya chuma bila kudondosha kitu. "Ndiyo maana haikushika kutu, mama," akasema. Na kusema kweli, haikuwa na kutu hata kidogo.

Jioni ya siku ile gurudumu likaachia. Kwanza nusu, kwa mlio wa kukwaruza, kisha zima. Zuena akalizungusha pole pole kwa kiganja, mbele, mbele, akatia mafuta mepesi ya mashine, akaweka kichuma mahali pake. Akakaa kwenye kiti. Alipobonyeza kwa miguu ile sauti ikatoka, taka-tak, taka-tak, na Bi Mwamvita akafunika uso kwa kanga akalia kwa sauti yake kubwa mpaka majirani wakaja wakidhani kuna msiba mwingine. Zuena alishona kipande cha tambara, mstari mmoja, kwa uzi mwekundu wa chini. Alishona mpaka uzi ule ukaisha. Alipoona sindano inapita bila kukamata aliacha, akainamisha paji la uso juu ya cherehani, akabaki hivyo.

Mwezi ukaandama. Selemani alikuja, akasimama mlangoni akasikiliza, kisha akaenda kuleta vitambaa vya kanzu za wanawe. Alipeleka maharage yake kwingine na hakusema neno juu ya sebule tena. Zuena alishona Idi ile na Idi nyingine nyingi. Hakutajirika. Macho yalimwuma, mgongo ulianza kupinda kama wa mumewe, na wateja walimsumbua kama wateja wanavyosumbua, lakini hakuna aliyewahi kumsikia akimwambia mtu aje kesho. Kama nguo haikuwa tayari alimweka mtu akae, akaimalizia mbele yake.

Nilichotaka kusema hasa ni hiki. Ijumaa ya kwanza baada ya Idi, Bi Mwamvita alisoma Yasini yake, akainuka kwa kujikongoja, akaja na ile chupa kwenye cherehani. Nilikuwepo, nimeleta gauni la kupunguzwa. Nikasema moyoni, leo atamwambia. Zuena akaacha kushona. Akamshika mama mkwe mkono, akamwinamisha taratibu mpaka chini kwenye miguu ya chuma, pale nyuma ambapo hapana kiungo chochote, chuma kitupu tu.

"Tia hapa, mama," akasema. "Hapa ndipo panapobeba mzigo wote."

Kikongwe akatia, akapapasa kwa kidole mpaka yakaenea, akaridhika. Ikawa ndiyo desturi. Kila Ijumaa Bi Mwamvita alitia mafuta yake, na kila Jumamosi alfajiri, kabla hajaamka, Zuena alichukua tambara lenye mafuta ya taa akainama na kufuta. Miaka na miaka. Hata alipokuwa na homa alifuta. Hata goti lilipoanza kumkataa.

Bi Mwamvita alipokufa tulimzika siku ya Jumatano. Jumamosi yake niliamka mapema kumpelekea Zuena uji, nikijua hajala. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Nilimkuta amepiga magoti nyuma ya cherehani na tambara mkononi, anafuta pale mahali, na palikuwa pakavu.